Taa Iliyoacha Kuwaka

Marehemu Eustorgio Pupo aliwasha taa ya karakana yake jioni ya siku aliyozikwa, na jioni iliyofuata, na nyingine tena. Ndivyo mji mzima wa San Roque del Brazo ulivyosema, na mpelelezi Ubaldina Cantillo alikuwa ameshachoka kuambiwa. Aliambiwa na nahodha wa mashua, akaambiwa na muuza soseji pale gatini, akaambiwa na padri, ambaye angalau aliona haya kidogo.

"Roho ilikuwa haijatua," alisema yule muuza soseji huku akimkatia ndimu. "Walipomkamata mwanawe, jioni ileile taa ikakoma. Mzee ameshatulia. Sasa wewe mama unachimbua nini tena?"

Alichokuwa akichimbua ni hiki. Lácides Pupo, mtoto wa kiume wa marehemu, alikuwa rumande, na kesho alfajiri angepandishwa mashua hadi mahakama ya Magangué akasomewe shtaka la kumuua baba yake. Faili lenyewe lilikuwa jembamba la kutia aibu. Mzee, sonara wa nyuzi za dhahabu, alikutwa mchana kando ya birika la maji ya mvua, kichwa kimepasukia kwenye ukingo wa jiwe. Dhahabu ya karakana ilikuwa imepungua. Aliyekuwamo nyumbani saa ile ya usingizi wa mchana ni Lácides peke yake. Hayo tu. Yaliyobaki yote yalikuwa taa, na taa haikuandikwa popote, lakini kila shahidi aliapa huku akiiwaza. Ubaldina aliichukia taa ile kama mtu anavyomchukia wakili mjanja wa upande wa pili.

Leo ilikuwa siku ya tisa ya matanga. Magharibi wangesali mara ya mwisho, waanue altare, na nyumba irudi kuwa nyumba.

Alifunguliwa mlango na Neris, binti wa marehemu, mwanamke wa miaka arobaini hivi mwenye macho mekundu na gauni jeusi lililomzidi.

"Samahani kwa uchafu, mama mpelelezi."

"Uchafu gani? Mama yangu alipokufa tulikanyaga maganda ya karanga hadi siku ya mwisho. Nani afagie aitoe roho nje kabla ya wakati wake?"

Neris akatabasamu kwa mara ya kwanza. Sebule ilinukia nta, maua yaliyolala na kahawa ya tangawizi. Kwenye ukuta wa kusini ilisimama altare: ngazi za makasha zilizofunikwa mashuka meupe hadi chini, msalaba juu, utepe mweusi, na bilauri ya maji kwa ajili ya kiu ya marehemu. Kioo kilikuwa kimegeuzwa uso. Ubaldina hakuwa mwoga wa wafu, lakini maji ya bilauri yalikuwa yamepungua, na alijikuta akiyatazama kuliko ilivyohitajika.

"Nionyeshe taa," alisema.

Karakana ilikuwa mwisho wa korido. Meza ya kazi, koleo dogo, miwani iliyokunjwa, kandambili chini ya kiti zikiwa zimeelekea mlangoni kana kwamba mwenyewe yu njiani kuzivaa. Taa ilining'inia juu ya meza. Ubaldina alipanda kwenye kiti, akaifungua balbu, akaenda nayo koridoni akaifunga mahali pengine. Ikawaka mara moja.

"Nzima," alisema, akairudisha mahali pake. "Baba yako alikuwa akiiwashaje?"

"Kwa simu. Baba alikuwa mtu wa vidude. Aliiambia iwake kila jua linapozama, awepo asiwepo. Amri zinapitia kwenye mtandao wa nyumba."

"Kwa hiyo ulijua si roho."

"Mama mpelelezi, mimi si mjinga." Neris alivuta pumzi. "Majirani walipokuwa wakipiga ishara ya msalaba, mimi nilijua ni kidude. Kinachoninyima usingizi si kuwaka. Ni kukoma. Kama ni kidude, mbona kilikoma jioni ileile walipomchukua kaka yangu? Nani aliyekiambia?"

Ubaldina aliliandika swali lile kama alivyolisikia.

Mume wa Neris aliingia na kikombe cha kahawa mkononi. Edinson Barraza alikuwa mnene, mchangamfu, mtu wa kuuza dawa za mifugo mashambani kwa gari lake, na katika matanga haya ndiye aliyebeba kila kitu: viti, mishumaa, barafu, mashuka ya altare.

"Karibu kahawa, mama. Usitusahau na leo jioni, kuna jibini na mihogo. Shemeji yangu ana hasira, hilo siwezi kukataa. Lakini bado ni damu yetu."

"Wewe mchana ule ulikuwa wapi?"

"Magangué, kwa wateja. Nilipigiwa simu nikageuza gari kama kichaa."

Kabla hajamaliza, jirani mmoja alichungulia mlangoni akaulizia koleo lake alilomwazima marehemu. Edinson akageuka mkali ghafla.

"Koleo lako? Una wazimu, Wilmer? Kitu alichokishika marehemu hakitoki humu hadi altare ianuliwe! Unataka akufuate nacho hadi kitandani kwako?"

"Lakini ni langu, kaka..."

"Njoo kesho!"

Wilmer akaondoka amefyata mkia. Edinson akajipangusa jasho, akarudi uani kupanga viti, na Ubaldina akasikia vipande vya domino vikigongwa mezani na wanaume wakicheka hadithi za kipuuzi, kama inavyopasa matanga ya mtu aliyependwa.

"Mtandao unafika jikoni?" aliuliza.

Neris alishangaa. "Ulikuwa ukifika. Siku hizi nikitaka kumwona dada yangu wa Barranquilla kwenye simu lazima nije hapa koridoni. Nilidhani ni msiba tu. Kila kitu kimekuwa kizito."

Ruta, kile kisanduku cha mtandao, ilikuwa hapo koridoni, juu ya vichwa vyao, nyeusi, antena nne zimesimama. Ubaldina aliijua kwa kuisoma katika faili. Siku polisi walipomfunga pingu, Lácides alipiga kelele mbele ya familia nzima: *Iulizeni ruta! Nilikuwa chumbani nikiongea na mchumba wangu kwa video! Iulizeni nani mwingine aliingia!* Kesho yake fundi wa polisi akaja akaiuliza. Ruta ikajibu kwamba haina kumbukumbu ya mtu yeyote wala siku yoyote. Basi Lácides akaonekana mwongo, juu ya kuwa muuaji.

Akainama. Sakafuni, koridoni mwote, kulikuwa na matone ya nta. Usiku wa kwanza waombolezaji walipita hapo na mishumaa kutoka chumbani kwa marehemu hadi kwenye altare. Chini ya ruta matone yalikuwa meupe zaidi. Alipiga magoti, akaweka kidole. Haikuwa nta peke yake. Vumbi la chokaa lilikuwa limelala juu yake.

"Neris, ruta hii iliwekwa lini?"

"Mwezi wa tano. Baba mwenyewe, na drili yake. Mimi nilimshikia kiti."

"Basi chokaa ya mwezi wa tano ulishaifagia."

"Bila shaka."

Ubaldina akaangaza tochi ya simu ukutani. Kando ya ruta kulikuwa na tundu la skrubu lisilo na skrubu. Mtu alitoboa ukuta huu baada ya mishumaa kupita. Akamwaga chokaa sakafuni, akaiona, na hakuthubutu kushika ufagio. Mgeni angefagia. Huyu alikuwa mtu wa hapahapa, na aliiogopa roho kuliko alivyowaogopa polisi.

*

Duka la Zoraida Chadid lilikuwa kwenye kona ya uwanja, kati ya duka la dawa na kinyozi. Babu yake aliuza vitambaa. Yeye aliuza simu, nyaya, feni na ruta. Alikuwa na kucha ndefu na ulimi mrefu zaidi.

"Don Eustorgio? Yule mzee aliniua kwa maswali," alisema. "Wateja wengine wanauliza bei, wanachukua. Yeye aliuliza kuta. Kuta! Nyumba yake ina kuta za mawe za kuzuia mizinga. Mara ya kwanza alikuja na mkwewe, Edinson, na Edinson akamchagulia ya bei nafuu. Nikawaambia, haitafika. Edinson akaniambia mimi mfanyabiashara tu."

"Haikufika?"

"Itafikaje? Edinson mwenyewe alikwenda kuiweka, juu ya kabati. Mwezi haujaisha, mzee huyu hapa, peke yake."

"Akachukua gani?"

Zoraida alishusha maboksi mawili toka rafu ya juu. Ubaldina alitazama hii, akatazama ile. Nyeusi, antena nne; nyeusi, antena nne.

"Ni dada wawili," alisema Zoraida. "Usoni huwatofautishi. Geuza nyuma."

Nyuma, matundu ya kuning'inizia hayakulingana. Katika ile ya bei ghali yalikuwa yamekaribiana. Katika ya bei nafuu yalikuwa mbalimbali.

"Na kichwani je?"

"Kichwani ndiyo usiseme. Sikiliza, ruta inaongea kwa mawimbi ya aina mbili. Kuna ya mbio, yanakimbia sana lakini yakikutana na ukuta yanachoka. Na kuna ya polepole, hayo yanapenya. Taa, feni, vidude vyote vya bei ya chini vinaelewa ya polepole tu. Kwenye ile ya kwanza, Edinson aliandika jina la nyumba na neno la siri upande wa mawimbi ya mbio, akaacha ule mwingine na jina la kiwandani. Mzee alikuja kunilalamikia kwamba taa yake haikubali. Nilicheka. Kwenye ya pili nilimwonyesha aandike jina lilelile, neno lilelile, pande zote mbili. Simu za watu zikaingia zenyewe, hakuna aliyejua kwamba kuna ruta mpya, na ile ya zamani ikabaki kabatini mwake."

Ubaldina aliyapanga maboksi mawili bega kwa bega.

"Kwa hiyo mtu akiirudisha ile ya zamani..."

"Simu zitaingia zenyewe. Hutajua. Ila jikoni mtandao hautafika." Zoraida aliacha kucheza na kucha. "Na taa ya mzee haitawaka. Mama yangu wee! Nami nilikwenda kanisani kuiwashia ile roho mshumaa."

"Ya ghali inaweka kumbukumbu?"

"Ndiyo sababu ya kuinunua. Inaandika kila simu iliyoingia, siku na saa, na umeme ukikatika haisahau. Huku kwetu umeme ukikatika kila mara, nyingine zote zinasahau. Nilimwuliza, don Eustorgio, ya nini yote hayo? Akaniambia: 'Nikilala mchana, dhahabu yangu inapungua. Nataka kujua nani anaingia nikiwa nimelala.'" Zoraida alishusha sauti. "Nilidhani ni utani wa wazee."

*

Ubaldina alirudi kwa miguu upande wa kivuli, akipanga. Kilio cha Lácides kilisikiwa na familia nzima. Baadaye wote wakakimbilia kituoni. Alipita kituoni, akawauliza polisi wa zamu, mmoja mmoja, nani alifika. Neris alifika. Bi Carmelina, kiongozi wa sala, alifika na rozari yake akawapa polisi maneno ya kutosha. Wajomba walifika. Edinson alifika jua likiwa limeshazama, akisema alibaki kuangalia mishumaa isije ikachoma mashuka.

Hilo lilimtosha yeye. Mahakama halingeitosha. Tundu la ukutani na chokaa juu ya nta, wakili yeyote angevipuliza kwa pumzi moja. Alihitaji ile ruta nyingine. Kama yeye angekuwa Edinson, angeitupa mtoni siku ileile.

Kisha akamkumbuka Wilmer na koleo lake, akasimama katikati ya barabara hadi pikipiki ikampigia honi.

*Kitu alichokishika marehemu hakitoki humu hadi altare ianuliwe.* Yule mtu hakuwa akiigiza. Alikuwa anaamini hadi mifupani. Asiyeweza kufagia kiganja cha chokaa angewezaje kuvuka kizingiti na mali ya maiti mfukoni? Ruta ilikuwa bado ndani ya nyumba. Usiku wa leo, mashuka yakishakunjwa na makasha kubebwa, ingetoka kihalali pamoja na kila kitu, mikononi mwa yuleyule aliyebeba kila kitu.

Na polisi walikuwa wameshapekua vyumba vyote. Walifungua makabati, magodoro, hata mtungi wa mchele. Mahali pamoja tu hawakupagusa, kwa heshima.

Sebuleni wanawake walikuwa wameanza kukaa. Bi Carmelina, mzee mwembamba kama fimbo, alikuwa kwenye kiti chake mbele ya altare. Ubaldina alimwita Neris kando akamweleza kwa sauti ya chini, bila kumficha jina. Uso wa Neris ulibadilika polepole. Hakulia. Alisema tu, "Alikuwa akinishika mkono, makaburini."

"Naweza kuomba kibali cha hakimu. Kitakuja kesho, na kesho altare haitakuwapo. Au mwenye nyumba anaweza kuniruhusu sasa."

"Unaniomba nianue kabla ya sala ya mwisho."

"Ndiyo."

"Atabaki njiani. Baba. Hatafika huko, wala hatarudi huku. Unalijua hilo?"

"Nalijua." Na Ubaldina, aliyekwisha kuona maiti wengi na hakuogopa hata mmoja, aliona aibu kwa alichokuwa akiomba. "Lakini kaka yako anaondoka alfajiri."

Bi Carmelina alisikia neno *kuanua* akainuka. "Nani anataka kuanua? Jua bado halijazama! Neris, mwanangu, usithubutu! Bora uchome nyumba!"

Neris alimpita. Alitoa bilauri kwanza, akaiweka sakafuni kwa mikono miwili bila kumwaga tone. Kisha akashika shuka la chini na kulivuta. Wanawake wakapiga ukemi. Mishumaa miwili ikaanguka na mtu akaikanyaga. Makasha ya soda yalionekana matupu, yakitazama nje, na ndani ya kasha la katikati kulikuwa na kitu kilichofungwa katika taulo ya mkono.

Ubaldina alivaa glavu akaifungua. Nyeusi. Antena nne zimekunjwa. Nyuma, matundu mawili yaliyokaribiana.

Domino zilikuwa zimenyamaza. Edinson alisimama kwenye mlango wa uani, kiti cha plastiki bado mkononi.

"Nani amegusa?" aliuliza. "Nani amegusa kabla ya wakati?"

Ubaldina alikwenda koridoni, akachomoa ile ya ukutani, akachomeka hii. Vitaa vyake viliwaka kimoja kimoja. Walisubiri hadi jua likazama. Mwisho wa korido, katika karakana tupu, taa iliwaka yenyewe juu ya kiti kitupu, na mtu mmoja akaanza kusali kwa sauti ya kutetemeka. Ubaldina alijua sababu yake, waya kwa waya. Hata hivyo hakugeuka kutazama huko.

"Neno la siri la baba yako?" alimwuliza Neris.

Neris alilitaja. Lilikuwa jina la mama yake.

Orodha ilifunguka kwenye simu. Siku ya kifo, mchana. Simu ya Lácides, tangu baada ya chakula, haikutoka hata mara moja. Chini yake nyingine, iliyoingia yenyewe kwa sababu ililijua neno tangu ruta ya kwanza, ikakaa kidogo, ikatoka. Ubaldina alimpa Neris asome jina.

"Edinson," alisoma Neris. Akamtazama mumewe. "Ulisema uko Magangué."

Edinson alikiweka kiti chini taratibu, akakinyoosha kilingane na vingine. "Nilitaka chembe chache tu. Za deni la gari. Ningerudisha. Akaamka, akanifuata hadi birikani, akanishika shati." Alikinyoosha kiti tena. "Nilimsukuma tu, Neri. Kumsukuma tu."

"Alikufa palepale?"

Ubaldina angeweza kulizuia swali lile. Hakulizuia.

"Sema. Alikufa palepale?"

"Aliniita jina," alisema Edinson. "Nikaondoka."

Polisi wawili waliokuwa wakinywa kahawa barabarani waliitwa ndani. Edinson hakubisha. Alipofika kizingitini alisita, akajipapasa mifukoni kuhakikisha hatoki na kitu cha marehemu, ndipo akavuka. Ubaldina alipiga simu kituoni, akaamuru Lácides asipandishwe mashua yoyote, kisha akairudisha ruta ndani ya taulo kama ushahidi.

Sebuleni hakuna aliyejua pa kukaa. Mashuka yalikuwa chini. Bi Carmelina alikuwa amekaa na rozari imelala mapajani, mdomo wazi, mwanamke aliyezika mji mzima na hakuwahi kukosa neno.

"Sasa tusali nini?" alimwuliza Neris. "Imeanuliwa kabla ya wakati. Na hizi zote zilizopita, mashuka alitandika yeye, mishumaa aliwasha yeye. Hizi hazihesabiki, mwanangu. Baba yako hajasaliwa hata moja."

Neris aliokota shuka, akalikung'uta, akamkabidhi Wilmer ncha ya pili.

"Leo ni ya kwanza," alisema. "Msubirini Lácides afike, ndipo tuanze."